Myford ML7 ya mzee nimeifufua hapa Dodoma, haya ndo maoni yangu baada ya kuitumia

Mbukwenyi wadau. Tangu nianze kuwasha hii mashine kwenye banda la nyuma hapa Nzuguni kila anayepita anachungulia, anauliza hiyo si ya kuchongea vyuma, umeitoa wapi, bei gani, na mimi naweza kupata? Nimechoka kurudia kwahiyo naandika yote mara moja, pa kusifu nitasifu na pa kuponda nitaponda, hela iliyotoka ni yangu hakuna aliyenitumia kitu.

Mashine yenyewe ni Myford ML7, lethi ndogo ya Mwingereza, yani inazungusha chuma huku kisu kinakichonga, ilikuwa inatengenezwa Beeston kule Nottingham kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940. Kiwanda kile kilifungwa 2011, jina likanunuliwa na watu wengine, kwahiyo vipuri baadhi bado vinauzwa Uingereza ila jumlisha usafiri na ushuru utajikuta unaongea peke yako. Ni mashine ya nyumbani, sio ya karakana kubwa. Juu ya kitanda, zile reli ndefu za chuma zinazobeba kila kitu, inazungusha kitu cha inchi 7 kwa upana, kwenye lile pengo karibu na kichwa unaingiza hadi inchi 10, na urefu kati ya senta na senta, zile ncha mbili zinazoshika chuma, ni inchi 20. Tundu la shafti yake kuu ni kama milimita 15 tu, yani nondo ya 16 haipiti. Nasema mapema maana kuna jamaa aliniletea dramu ya breki ya Fuso, nikamwambia kaka hii dramu ni kubwa kuliko mashine.

Niliinunua kwa mzee mmoja upande wa Kongwa, ilikuwa imefunikwa turubai nyuma ya zizi la mbuzi. Mzee akaniambia hii ni ya enzi za karanga, ule mradi wa Mwingereza ulioanza 1947 ukafa 1951. Inawezekana, ila ukikaa Kongwa utagundua kila chuma chenye kutu ni cha karanga, hadi jembe. Sikubishana nae, bei ilikuwa ile ile karanga au sio karanga. Alianza milioni moja laki nane tukamaliza na milioni moja laki tatu na nusu.

Sasa hapa ndo nataka watu wanisikilize. Watu wengi wakienda kuangalia mashine ya zamani wanaangalia rangi na kutu. Kutu ya juu sio kitu, na kwa huku kwetu Dodoma hewa ni kavu, chuma kikikaa nje miaka kumi kinapata kutu kidogo kuliko kilichokaa Tanga ndani ya nyumba. Angalia kitanda. Kitanda ndo mashine, vingine vyote utanunua au utachonga lakini kitanda kikilika kukirudisha ni kazi ya mashine kubwa ya kusaga ambayo sijui utaipata wapi karibu. Namna ya kupima hauhitaji hata geji, chukua ile kereji inayobeba kisu isogeze karibu na chaki, ile inayobana chuma kinachozunguka, ambapo imefanya kazi sana, kaza skrubu za pembeni mpaka iwe inateleza bila kucheza, halafu isukume taratibu kuelekea mkiani, ule mwisho wa pili wa kitanda. Ikienda mpaka mwisho kitanda ni kizima. Ikianza kuwa nzito na kukwama njiani ujue kule mwanzo pameliwa. Yangu ilikwama kama inchi nne kabla ya mwisho, nikajua imelika kidogo, nikatumia hicho hicho kushusha bei.

Kosa nililofanya ni kutohesabu vikorokoro. Mashine ilikuja na chaki moja ya taya tatu (sio chaki ya ubaoni jamani), gia za kubadilisha nikakuta sita wakati seti kamili ni zaidi ya dazeni, chaki ya taya nne hamna, ule mkono wa kushikilia shafti ndefu isitikisike nao hamna. Nikasema aah hivyo vitapatikana. Wadau, hivyo ndo vimenimaliza. Nikijumlisha vya Gerezani kule Dar na vilivyoagizwa nje vinakaribia bei ya mashine yenyewe, kwahiyo ukikuta mtu anauza ya laki tano zaidi ila ina kila kitu kwenye sanduku, chukua hiyo ya sanduku usifikirie mara mbili.

Kubeba tulitumia kirikuu na vijana wanne. Tuliutoa mkia kwanza, tukatoa na mota, afu tukaikamata kwa kitanda. Kuna kijana alitaka kushika ile skrubu ndefu ya mbele kama mpini nikapiga kelele mpaka mbuzi wakakimbia, ile ikipinda ndo basi tena.

Kusafisha kulichukua wiki mbili za jioni jioni. Mafuta ya taa, brashi ya nailoni, na uvumilivu. Usiguse kitanda na grenda wala msasa mkavu, nimeona watu wanafanya hivyo ili king'ae, unang'arisha kwa kumaliza usahihi. Kwa vipande vidogo vyenye kutu iliyogandamana, gia na handeli na taya za chaki, nilitumia umeme na magadi. Ndoo ya plastiki, maji, magadi vijiko kadhaa, chaja ya betri ya gari, kipande chenye kutu unakifunga waya wa hasi, wa chanya unaufunga kwenye bati la chuma la kawaida ambalo hulihitaji tena, visigusane. Baada ya masaa sita kutu inatoka kama uji. Fanya nje maana gesi inayotoka inawaka moto, na usiweke stenlesi (chuma kisichoshika kutu) upande wa chanya, kinatoa sumu kwenye maji. Mama watoto alilalamika kwa siku tatu, alitaka kupika mlenda anafungua kopo la magadi anakuta tupu, nikatumwa Majengo kununua mengine na nikaambiwa ninunue mafungu mawili, la jikoni na la wazimu wangu.

Rangi sisemi sana, nilipaka kijivu, imependeza, haijaongeza hata nukta moja ya usahihi.

Tuje kwenye bearing (beringi), pale shafti kuu inapozungukia, na hapa naomba nichukue muda kwasababu ndo palipotaka kuniua. Hii mashine haina beringi za gololi kwenye shafti kuu kama tulivyozoea. Shafti inalala kwenye metali nyeupe laini, imegawanyika juu na chini, na kati ya kifuniko na mwili kuna shimu zenye majani membamba sana yaliyobandikwa pamoja. Ikianza kucheza unabandua jani, unafunga, unapima, unabandua lingine kama bado. Inahitaji subira. Yangu ilikuwa inacheza, nikishika chaki nikiinua kwa mti daili geji, ile saa ya kupimia, mshale wake unaruka. Mimi kwa ujuaji wangu nikabandua majani mawili mawili kila upande kwa mpigo, nikafunga bolti na spana ya mkono mrefu. Nikaizungusha kwa mkono ikawa nzito, nikajisemea itazoea ikishapata joto.

Haikuzoea. Nikaweka spidi ya juu kabisa, mizunguko 640 kwa dakika, dakika ya nne nasikia harufu kama kikaango kilichosahaulika, nagusa kifuniko cha mbele naruka. Kufungua nakuta ile metali nyeupe imepakaa upande mmoja kama siagi. Niliketi chini nikaangalia ukuta. Mashine imeishi miaka sabini na kitu, imepita mikononi mwa watu sijui wangapi, mimi nataka kuiua ndani ya dakika nne.

Aliyeniokoa ni babu mmoja jirani, fita mstaafu, siku hizi anafuga kuku tu. Alikuja na kikwangulio chake kimefungwa kwenye kitambaa, akaangalia, akaniambia "kijana, wewe umefunga kama unafunga tairi". Akaniomba kibatari. Nikadhani anataka mwanga, kumbe anataka masizi. Akachanganya masizi na oili kidogo, akapaka shafti kwa kidole, akailaza, akaizungusha nusu raundi, akaitoa. Palipobaki alama nyeusi ndo palipoinuka, akakwangua hapo kidogo sana, kama anachuna ngozi ya nyanya. Akarudia. Siku mbili nzima, asubuhi mpaka saa sita, akisikia jua limekuwa kali anaenda kwake kulala. Mwisho alama zikawa zimesambaa kote, akabandika shimu, akafunga, akaizungusha kwa kidole kimoja. Hakutaka hela, nikampelekea mfuko wa pumba za kuku wake na chupa ya oili aliyoipenda.

Tangu hapo sheria yangu ni moja, oili nyepesi namba 32 ile ya haidroliki, sio namba 40 ya injini kama alivyonishauri muuza duka mmoja, na najaza vile vikombe viwili vya kudondosha oili kwenye bearing kabla sijagusa swichi. Oili hiyo hairudi, inapita inaenda zake, kwahiyo ukimaliza kazi funga vile vijiti vya juu ya vikombe. Nimesahau mara moja, asubuhi nikakuta imeshuka yote sakafuni na paka wa jirani ametembea juu yake.

Mota ya zamani ilikuwa imeungua, fundi wa kusuka akaniambia naisuka ila bei yake unapata mota nyingine. Nikapata ya mtumba ya 0.55 kilowati, ya fezi tatu, na nyumbani nina fezi moja. Nikanunua VFD, sio ile ya risiti za TRA, hii ni kale kaboksi unakokaingizia fezi moja kanatoa tatu na kanabadilisha spidi. Nikaunga, ikazunguka lakini haina nguvu, ukigusa chuma na kisu inasimama kama punda wa mnadani. Nikalaumu kaboksi, nikamlaumu muuzaji, kumbe kibao cha mota kimeandika volti 230/400 na ndani waya zimeungwa kwa mtindo wa staa, ambao ni wa volti 400. Kaboksi kangu kanatoa 230 kwahiyo inatakiwa ule mtindo mwingine, delta. Kuhamisha vile vibati vitatu ndani ya kibanda cha waya, dakika kumi, mota ikawa simba. Kama hujui unachofanya muite fundi umeme, na zima kaboksi usubiri dakika kadhaa kabla hujafungua, kanabaki na umeme ndani hata ukichomoa.

Lakini VFD inakuja na hatari ambayo kwenye mashine hii ni kubwa. Chaki ya Myford imefungwa kwenye shafti kwa thredi (nyuzi kama za bolti), inajikaza yenyewe ikizunguka mbele. Ukizungusha kinyume kwa nguvu, au ukaiambia isimame ghafla, chaki inaweza kujifungua ikakutembelea. Nimeweka muda wa kusimama kuwa mrefu, na kitufe cha kurudi nyuma nimekiziba na gundi. Kijana wangu alicheka, nikamwambia bora ucheke.

Hilo linatuleta kwenye thredi, ambako kwa mtu wa Tanzania ndo kuna mtihani. Skrubu ndefu ya mashine hii, ile inayosogeza kereji wakati wa kukata thredi, ni ya inchi, nyuzi 8 kwa inchi, na kila kitu tunachotengeneza huku, pikipiki, pampu, bolti za mashine za alizeti, ni milimita. Wengi wanasema ili kutoka inchi kwenda milimita lazima gia ya meno 127. Ndo sahihi kabisa kimahesabu ila ni kubwa na kuipachika kwenye mashine hii ni taabu. Mimi nilichongewa gia ya meno 21 na jamaa mmoja mwenye mashine ya gia, nikatumia na 40, 45 na 50. Zinazosukuma ni 21 na 45, zinazosukumwa ni 40 na 50, unapata thredi ya milimita 1.5, inakosea kama sehemu moja ya mia ya milimita kwenye urefu wa sentimita kumi. Nati ya dukani inaingia kama siagi. Ila ukikata thredi ya milimita kwenye skrubu ya inchi usiifungue ile nati ya nusu, inayoishikisha kereji kwenye skrubu ndefu, katikati ya kazi, lazima urudishe nyuma ikiwa imeshika, na kwakuwa kurudi nyuma kwa mota nimekataza, nikachonga handeli ya kuzungusha shafti kwa mkono kutokea nyuma. Nakata thredi zote kwa mkono sasa, polepole, mchana redio inaongea, na kusema ukweli ndo sehemu ninayoipenda kuliko zote.

Vumbi. Mwezi wa nane na wa tisa upepo wa Dodoma mnaujua. Vumbi likikutana na oili kwenye kitanda unapata msasa wa bure, kila ukisogeza kereji unajisaga. Nilibana mbao za dirisha, nikashona shuka la turubai, na kabla ya kuanza napangusa kitanda kwa kitambaa kisichotoa manyoya afu naweka oili mpya. Na vipande vya kamba za mpira nimeviweka mbele na nyuma ya kereji vinafagia. Ukiwa na grenda ya kunolea visu iweke chumba kingine kabisa, chenga zake ni mbaya kuliko upepo.

Kuhusu stendi, nilichomelewa na fundi wa huku Nzuguni, kazi nzuri, imenyooka, ila nilipofunga mashine kwa nguvu kwenye stendi kitanda kikajikunja kidogo. Sio fundi, ni bolti zangu. Nikachonga kipande cha chuma cha majaribio, upande wa chaki kikawa kinene na upande wa pili chembamba kwa kama milimita 0.06. Nikalegeza mguu mmoja wa mkiani nikachomeka kipande cha kopo la maziwa chini yake, nikachonga tena, 0.02. Kipande kingine, ikawa chini ya hapo mpaka kalipa yangu haioni tena. Usikaze miguu halafu ukadhani kitanda kimeharibika.

Kazi imefanya. Bushi za pampu ya maji ya jirani, pini za toroli, bushi za shaba za mashine mbili za kukamua alizeti, puli ya mashine ya kusaga ya shemeji Kibaigwa, na kifuniko cha pipa la mvinyo la mtu wa zabibu ambacho hakikuhitaji lethi kabisa ila nilitaka kujionyesha. Chuma kigumu inakata taratibu, ukitaka kuondoa milimita mbili kwa mkato mmoja kama mashine ya VETA utasikia inalia, nusu milimita inakwenda vizuri, na kisu cha HSS (chuma kigumu cha visu, unakinoa mwenyewe) kilichonolewa vizuri kinaishinda ile karabaidi maana spidi zake ni ndogo.

Kwa mtu anayetaka kuingiza hela kila siku simshauri, atafute kubwa yenye tundu pana na kichwa cha gololi hata kama ni ya Kichina ya mtumba. Kwa mtu mwenye kazi yake nyingine anayetaka chuma kidogo sahihi jioni, sijaona kitu kizuri kuliko hii kwa hela hii, naipa 8 kwa 10, mbili nimekata moja ya bearing na moja ya inchi. Jumla mpaka leo imeshapita milioni mbili na laki saba, bila kuhesabu magadi.

Bado natafuta ule mkono wa kushikilia shafti ndefu. Nimeona michoro, nataka nitengeneze mwenyewe kwa bati nene la milimita 20 na vidole vitatu vya shaba, babu wa kuku kasema atakuja kuangalia Jumamosi, ila ameniambia nisikaze kitu chochote mpaka afike.